Nimenunua spika za waifai Kariakoo, kauli niliyopewa sitaisahau

Naandika hasira hazijaniisha, mnisamehe. Sauti ya spika hizi sina neno nayo. Nimeweka moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani, na taarabu ikipigwa unasikia kila waya wa ala ya kanuni bila besi kukoroma. Kilichonitesa ni kuziunganisha, na kuliko hicho, yule kijana aliyeniuzia.

Mambo yalikwenda hivi. Ya chumbani, iliyo mbali kabisa na ruta (kile kifaa kinachorusha waifai), ilikubali mara moja. Ya sebuleni ikagoma. Iko kwenye meza moja na ruta, hakuna hata pazia katikati! Programu yake kwenye simu inazunguka, inazunguka, halafu inaandika "imeshindikana, jaribu tena". Imeshindikana kwa nini? Haisemi. Nikazima, nikawasha, nikafuta programu na kuipakua upya, nikaipa hadi ruhusa ya kujua mahali nilipo maana bila hiyo haitafuti kitu. Bado.

Siku iliyofuata nikaifunga kwenye boksi lake nikarudi dukani. Shikamoo sikupewa, nikaliacha lipite. Nikamwambia, "Mwanangu, hii haishiki." Macho yako kwenye simu yake, akajibu, "Hizo ni kuta mama, zege linazuia mtandao." Nikamweleza taratibu kwamba ya chumbani ina kuta mbili na imeshika, hii iko ubavuni mwa ruta na imegoma, sasa zege linaingiaje hapo? Ndipo akanyanyua uso: "Kwani hapo nyumbani hakuna kijana akushikie simu?" Wenzake wakacheka. Boksi hakulifungua. Waya hakuchomeka.

Mimi ni mhasibu, nashinda kwenye mifumo ya kompyuta tangu asubuhi. Hata ningekuwa sijui kuwasha redio, nimelipa pesa yangu taslimu, nina haki ya kujibiwa kama mtu.

Nikarudi nyumbani nikalitafuta tatizo mwenyewe. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya namna mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 yana kasi ila ukuta unayachosha, ya 2.4 ni ya polepole lakini yanapenya na kufika mbali. Fundi aliyenifungia intaneti aliyapa yote mawili jina moja. Simu ikiwa karibu na ruta inang'ang'ania ya 5, na spika hizi zinasikia ya 2.4 peke yake, kwa hiyo simu inaita na spika haina habari. Chumbani 5 imefifia, simu inashuka yenyewe kwenye 2.4, ndiyo maana kule ilishika. Zege alilolisingizia ndilo lililonisaidia!

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari (kama yako si hiyo, namba na nywila viko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta), nikayatenganisha majina, nikaihamishia simu kwenye la 2.4. Ya sebuleni ikashika kabla sijakaa vizuri kwenye kochi. Ya jikoni nayo. Ila hii ya jikoni ikawa inakatakata kila tukipasha chakula, kwa sababu maikrowevu inatumia mawimbi hayohayo ya 2.4. Nimeisogeza spika upande wa dirishani, imetulia.

Sentensi moja tu kwenye boksi, "simu yako iwe kwenye 2.4", ingeniponya na yote haya. Wameweka karatasi ya lugha chungu nzima na hiyo sentensi haimo.

Mwanzo niliandika hapa kwamba msinunue. Nimefuta, kwa sababu jana nimepika huku muziki unanifuata kutoka sebuleni hadi jikoni bila kukatika, na nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko nataka kuandika tena msinunue. Basi nunueni, ila pale mlangoni, kabla ya kutoa hela, mwambieni muuzaji aiunganishe mbele yenu. Akikataa, ondokeni. Au subirini kwanza, maana kuna hili pia: umeme ukikatika na kurudi, spika inawaka kabla ruta haijakaa sawa, inatafuta mtandao, inaukosa, inabaki inapepesa taa bila kujaribu tena. Lazima uichomoe, usubiri taa za ruta zitulie, uichomeke upya. Zote tatu, kila umeme ukirudi. Huduma kwa wateja ya kampuni nimeshawaeleza. Dada aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akasema watanipigia. Sijapigiwa. Kwa sasa nawapa nyota mbili, ya tatu naishikilia mpaka simu iite.