Mpiga dawa alisema magamba yamekufa, ukucha ukakataa

Mndimu wa uani hapa Langoni, Lamu, ulijaa wadudu gamba wa kijani: bapa, wamejipanga kando ya mshipa wa jani, upande wa chini. Majani yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi, na maji moto, wale chungu wekundu wanaouma, wanapanda na kushuka kwenye shina. Nikamwita mpiga dawa. Bei yake ilikuwa ya haki, na matawi yaliyosongamana aliyakata vizuri, sikatai.

Lakini alipiga saa saba mchana, jua la kaskazi likiwa kali, dawa ya kuua kwa kugusa, tena juu ya majani tu. Nilipomwambia wadudu wako chini, akajibu, "Mama, dawa inajua njia."

Baada ya siku kadhaa akarudi kudai salio. Nikavuta tawi, nikamwonyesha. "Hayo maganda tu, yamekufa." Hapo damu ikanichemka! Gamba lililokufa hubaki kwenye tawi, ndiyo, lakini huwa kavu. Ukilikwaruza hupeperuka kama pumba. Nikakwaruza mbele ya macho yake: ukucha ukalowa majimaji. La pili, la tatu, yote mabichi. Akacheka, akasema nisubiri. Nisubiri nini? Jike limejifunika kama kwa ngao na vitoto viko chini ya tumbo lake. Wanaokufa upesi ni wachanga wanaotambaa, kabla hawajatulia. Na dawa ile huua pia vinyigu vidogo vinavyowamaliza magamba, kwa hiyo wakirudi hurudi kwa fujo.

Kazi yenyewe ni hii. Pampu ya lita 20: mafuta ya kupikia mililita 200, yakorogwe kwanza na sabuni laini ya maji mililita 100, ndipo uongeze maji. Tumia ya mvua au yale matamu yanayotoka kijiji cha Shela. Ya kisima cha chumvi hukataa povu, mafuta yakaelea na kuunguza majani. Jaribu tawi moja, ungoje siku mbili. Mwagilia mti jana yake, piga alfajiri, chini ya majani hadi yachuruzike, tikisa pampu kila mara. Rudia kila baada ya siku 10, mara tatu, uwakute wanaoanguliwa. Mti wenye maua uache.

Maji moto je? Hao ndio walinzi: hulamba utamu wa magamba na kufukuza adui zake. Zungushia shina kitambaa, upake grisi juu ya kitambaa, si kwenye gome, kisha ukate kila kitawi kinachogusa ukuta, la sivyo watapita huko. Mpiga dawa wangu hata hakuwatazama.

Nilitaka kumpa nyota tatu kwa ule ukataji. Lakini matawi yenyewe, yamejaa wadudu, aliyalundika chini ya mwembe wangu wa ngowe, na sasa majani ya chini ya mwembe yana vidoa vya kijani. Nyota moja. Salio sikumpa.