Feni ya kutoa moshi jikoni: ipi ununue Dar, na uifunge vipi

Kabla hujashuka Kariakoo, simama jikoni kwako uangalie ni ukuta upi unapakana na nje. Huo ndio utakaoamua ununue feni gani, kuliko bei na kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Majiko ya Dar yana kazi nzito: samaki wanakaangwa, vitunguu vinaungwa, tui linachemka, na hewa yenyewe ya pwani tayari imejaa unyevu. Mvuke wa mafuta usipopata njia ya kutoka unaganda darini, kwenye kabati na kwenye wavu wa mbu, na anayepika ndiye anayeuvuta kifuani kila siku.

Pima jiko. Lenye urefu wa mita 3, upana mita 2.5 na kimo mita 2.8 lina mita za ujazo 21. Hewa ya jikoni inafaa ibadilishwe mara 15 hadi 20 kwa saa, hivyo unatafuta feni ya mita za ujazo 315 hadi 420 kwa saa. Namba hiyo huandikwa kwenye lebo. Ukikuta imeandikwa kwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7. Muuzaji akikwambia "hii inavuta balaa, bosi" lakini lebo haina namba yoyote, nenda duka linalofuata. Na usikubali feni ndogo ya bafuni ya inchi 4. Jikoni haifui dafu.

Nafasi ya kwanza: feni ya ukutani yenye vibao vya kujifunga

Kwa nyumba nyingi za hapa, kuanzia Tabata hadi Kigamboni, naiweka mbele feni ya ukutani ya inchi 8 au 10, yenye vibao vya nje vinavyofunguka ikiwaka na kujifunga ikizimwa. Inatoa moshi moja kwa moja nje bila bomba, na mwenye nyumba anaweza kuifungua na kuisafisha mwenyewe. Vibao vinazuia vumbi, mbu na mvua ya masika. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kutoa kioo kimoja cha juu dirishani, akaweka plaiwudi yenye tundu la feni, na kioo akakitunza hadi siku ya kuhama.

Dukani, zungusha mapanga kwa kidole: yazunguke kwa wepesi bila kukwaruza. Omba iwashwe uisikilize. Tafuta alama ya TBS, volti 220 hadi 240 na hezi 50, na uulize kama koili ni ya shaba na kama mota ina kinga inayokata umeme ikipata joto kali. Kinga hiyo ina maana kwetu, kwa sababu umeme ukishuka sana mota inaweza kukwama huku inaendelea kuungua. Ukikaa karibu na bahari, bodi ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu itadumu. Bati la rangi huliwa na chumvi.

Ya pili: kofia ya juu ya jiko yenye bomba la kwenda nje

Kwa kazi yenyewe, hii ndiyo bora, maana inaukamata moshi kabla haujasambaa. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinadai itolewe angalau lita 30 za hewa kwa sekunde kofia ikiwa juu ya jiko, na lita 60 feni ikiwa mahali pengine jikoni. Naishusha nafasi ya pili kwa sababu ya bomba tu. Mafundi wengi hulipandisha hadi juu ya dari ya jipsamu na kuliishia humo, halafu mafuta yanajikusanya kwenye mbao na nyaya za paa. Huo ni moto unaosubiri siku. Bomba litoke nje kabisa, liwe fupi, lenye kona chache, na lisipunguzwe: kutoka milimita 150 kwenda 100 njia inabaki chini ya nusu, na kelele inaongezeka. Juu ya jiko la gesi kofia hukaa sentimita 65 hadi 75, lakini kitabu chake ndicho kiamue.

Ya tatu ni feni inayofungwa katikati ya bomba, kwa jiko la ghorofa lisilogusa ukuta wa nje. Kuisafisha ni shida, na usiielekeze kwenye tundu la pamoja la jengo bila ruhusa, maana utakuwa unamfukizia jirani.

Mwisho kabisa ni kofia isiyo na bomba, inayochuja kwa mkaa maalumu na kurudisha hewa ndani. Inapunguza harufu na mafuta kiasi, lakini joto, mvuke na gesi za moto vyote unabaki navyo. Inunue tu pale ambapo njia ya kutoka haipo kabisa, na uhakikishe kwanza kuwa vichujio vya kubadilisha vinapatikana.

Kufunga na kutumia

Tumia fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Feni ikae juu, karibu na jiko lakini si juu ya miali ya moto, na iwe mbali na dirisha linaloingiza hewa. Zikiwa pamoja, feni inavuta hewa safi na kuuacha moshi. Epuka ukuta unaopigwa na kusi. Yenye bodi ya chuma lazima iwe na waya wa ethi. Swichi iwe mbali na sinki na moto. Usihofie LUKU: feni ya wati 35 ikifanya kazi saa 3 kwa siku inakula uniti 3 na kidogo kwa mwezi.

Iwashe kabla ya kubandika sufuria, na baada ya kuipua iache dakika 10 au 15. Osha kichujio na mapanga kwa maji moto na sabuni kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya feni, si kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche moja inatosha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Funga mtungi, fungua milango, toka. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika sufuria, zima feni, na usimwage maji. Ukishindwa, toka na upige 114, namba ya zimamoto. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa kutegemea feni: kaboni monoksaidi haina harufu, na umeme ukikatika feni inasimama wakati mkaa unaendelea kuwaka.

Siku ya kufunga, shika karatasi laini mbele ya feni, kwanza mlango ukiwa wazi kidogo, kisha ukiwa umefungwa. Ikivutwa mara ya kwanza na kulegea mara ya pili, hewa haina pa kuingilia. Fundi aache upenyo chini ya mlango au kwenye dirisha la upande wa pili kabla hujamlipa iliyobaki.