Maktaba ya okestra kwa programu ya nota: nunua inayofika kwa wakati

Malalamiko ninayoandikiwa na wasomaji kuhusu maktaba za okestra, yaani mikusanyo ya sauti za vyombo zilizorekodiwa, yanafanana mno. Mtu amesikiliza onyesho la muuzaji, moyo ukayeyuka, akalipa, akasubiri mamia ya gigabaiti yashuke. Kisha anaiunganisha na programu yake ya kuandikia nota, Dorico au Sibelius, anabonyeza kitufe cha kucheza, na fidla zinaburuta nyuma ya piano. Akiuliza, anaambiwa aongeze kumbukumbu ya kompyuta. Anaongeza. Fidla bado zinaburuta.

Basi leo sitagusa idadi ya maikrofoni wala sifa za ukumbi wa kurekodia. Hayo wauzaji wameshayaandika kwa herufi kubwa. Nataka tuzungumzie kuchelewa, kwa sababu ndiko kunakoua kazi za watunzi wengi na hakuna anayekutaja dukani.

Fidla haianzi ghafla. Upinde unagusa uzi, sauti inakua, na mpigaji mzuri hutangulia kidogo ili sauti ikomae pigo linapotua. Sampuli, yaani sauti ya nota iliyorekodiwa, huubeba muda wote huo wa kukua. Kompyuta haina habari: huiamuru sampuli ianze pigo linapofika, nawe unaisikia baadaye. Na kila mbinu ya kupiga ina kuchelewa kwake. Chukua maktaba ya Cinematic Studio Strings, ambayo rangi yake naipenda sana. Mpito wake wa legato, yaani kuunganisha nota bila kukata, huchukua takriban milisekunde 333, 250 au 100, kutegemea nguvu iliyobonyezwa nota. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Kwa hiyo legato ya milisekunde 250 imechelewa nusu pigo zima! Stakato, yaani nota fupi zilizokatwa, ya maktaba hiyohiyo hufika mapema zaidi, na mstari wenye legato na stakato pamoja unajikwaa wenyewe.

Anayetumia programu ya kurekodi kama Cubase au Logic hulimaliza hilo kwa kuitanguliza treki na kusogeza nota kwa mkono. Sisi wa nota hatukuja huku kusogeza nota moja moja. Tunataka tulichoandika ndicho kisikike.

Wengi hudhani dawa ni ramani ya mbinu, ile inayoiambia Dorico ibonyeze ufunguo gani ikikuta pizikato (kudonoa uzi kwa kidole), na itumie kidhibiti gani kukuza na kupunguza sauti. Ramani ni ya lazima, na usinunue maktaba isiyo na ramani iliyokwisha tengenezwa kwa programu yako. Lakini ramani huchagua sampuli sahihi tu. Kwamba sampuli imeteuliwa vizuri hakumaanishi itafika kwa wakati.

Kabla ya kulipa, tafuta toleo la majaribio ufanye hivi: andika mstari mmoja wa fidla wenye nota ndefu zilizounganishwa, stakato na pizikato, kisha mpe piano mstari uleule. Piano hulia papo hapo. Sikiliza kwa mapigo 120, halafu 160. Masikio yatakuambia ndani ya dakika moja kile ambacho tangazo limeficha.

Chaguo langu la kwanza ni NotePerformer, programu ya sauti za okestra ya kampuni ya Wallander Instruments, kutoka Sweden, na sioni haya kusema naipendelea. Imeundwa kwa ajili ya programu za nota. Husoma muziki takriban sekunde moja mbele kabla ya kuupiga, kwa hiyo inajua kirai kinaelekea wapi, nota ipi ni kilele, na kila sauti ianze lini ili ifike juu ya pigo. Ndiyo sababu ukibonyeza kucheza unasubiri kidogo kabla ya kusikia kitu. Wapo wanaoinung'unikia subira hiyo. Mimi naona hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Inachukua takriban gigabaiti moja tu ya diski na ramani huhitaji kuigusa. Udhaifu upo: rangi ya fidla za peke yake ni nyembamba, na kwaya yake haitamki maneno. Lakini okestra nzima inapumua pamoja.

La pili ni NotePerformer hiyohiyo ikiendesha maktaba kubwa. Tangu toleo la 4 la mwaka 2023, unaweza kununua injini ya ziada inayoisomea nota maktaba kama BBC Symphony Orchestra ya kampuni ya Spitfire au hiyo Cinematic Studio, na kufidia kuchelewa kwa kila mbinu. Matokeo yanapendeza sana. Nimeiweka ya pili kwa sababu unalipa mara tatu: programu, injini, na maktaba yenyewe, halafu kompyuta iwe na nguvu za kutosha.

La tatu ni maktaba za kampuni ya Vienna Symphonic Library. Wana nidhamu ya kupanga mbinu, na ramani zao za Dorico zimetengenezwa kwa uangalifu. Anza na toleo dogo.

Sasa kuhusu wauzaji. Maonyesho yao karibu yote yametengenezwa kwenye programu za kurekodi, na mtu aliyezoea maktaba hiyo, akisogeza kila nota kwa mkono. Kisha ukurasa uleule unakuambia maktaba inafaa kwa programu za nota. Kuwasha sauti si kufaa. Jedwali la milisekunde za kila mbinu lingetosha nusu ukurasa, na wengi hawalitoi. Ukibahatika unalikuta mwishoni mwa kitabu cha maelekezo, ambacho unakisoma ukishalipa. Bei nazo zimekatwa mstari mwekundu karibu mwaka mzima, hata hujui bei halisi ni ipi. Na leseni ikishawashwa, mara nyingi hakuna kurudisha fedha wala kumuuzia mwingine. Mtunzi anayejibana miezi kadhaa ili anunue anastahili zaidi ya hapo.

Za bure: Muse Sounds ni nzuri lakini hukaa ndani ya programu ya nota ya MuseScore tu, kuanzia toleo la 4. BBC Symphony Orchestra Discover ni nyepesi na yafaa kujifunzia.

Na kwa mliokuwa mkitumia Finale, programu ya nota ambayo kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuisitisha Agosti 2024: leseni ya NotePerformer mliyokuwa nayo inafanya kazi kwenye Dorico na Sibelius pia. Msikubali kuuziwa nyingine.