National Gallery London, Venus wa Bronzino: picha nyota tano, posta nyota moja

Nianze na posta, yaani nakala ya picha ya kutundika ukutani, maana ndo iliyonifanya nishike simu kuandika. Niliagiza mtandaoni, duka silitaji, posta ya ile picha ya mchoraji wa Kiitaliano Agnolo Bronzino, Fumbo la Venus na Cupid (Venus ni mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, Cupid ni mwanawe), paundi 25 pamoja na fremu. Ikaja imefungwa vizuri, rangi safi, karatasi nzito, nikafurahi mpaka nilipoitundika ukutani nikarudi nyuma nikaangalia. Jamani wameikata. Upande wote wa kulia haupo, juu yule mzee hayupo, kushoto yule anayepiga kelele hayupo. Nimebaki na mwanamke uchi na kijana wanabusiana, basi. Nikawaandikia, wakajibu ati wameikata ili iingie kwenye fremu ya saizi ya kawaida, wakanirudishia nusu ya hela. Sasa hela siyo shida yangu kubwa, shida ni kwamba ukiikata ile picha hivyo umeibadilisha kuwa kitu kingine kabisa, ni sawa na mtu achukue kanga akate jina abaki na maua halafu akuuzie akwambie si kanga ndo hii.

Kwa hiyo rivyu yenyewe hasa ni ya picha halisi, pale National Gallery, jumba la sanaa la Trafalgar Square, na nataka mtu yeyote aliyeko huku Uingereza au anayepita London aende akaione kwa macho yake. Kuingia ni bure. Mlangoni wanakagua begi, na Ijumaa wanafunga saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kwa sisi wa shifti Ijumaa ndo siku. Ukifika usihangaike na ramani, muulize mhudumu yeyote "Bronzino" atakuelekeza.

Mimi nilienda na shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Kwa kweli nilisita. Shangazi ni somo, amefunda mabiharusi tangu mimi sijazaliwa, lakini bado ni shangazi, kusimama naye mbele ya mwanamke asiye na hata uzi mwilini watu wa kila aina wamejaa pembeni, niliona haya. Nikamwambia shangazi kuna picha moja humu ina uchi, kama hutaki tupite tu. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, we nisomee maandishi, kuangalia niachie mie." Akajiweka sawa kanga yake ndani ya koti, akasogea.

Picha siyo kubwa kama nilivyodhani, sentimita 146 kwenda juu na 116 upana, imechorwa kwenye ubao kwa rangi ya mafuta, mnamo mwaka 1545 huko Florence, Bronzino akiwa mchoraji wa Cosimo de' Medici mtawala wa mji. Mwaka 1568 Vasari, yule mwandishi wa maisha ya wachoraji, aliandika kuhusu picha ya Bronzino iliyopelekwa kwa mfalme Francis wa Ufaransa, Venus yuko uchi Cupid anambusu, upande mmoja Raha na Mchezo, upande wa pili Hadaa na Wivu, na wengi wanaamini ndo hii hii. Yaani ni zawadi ya kumfurahisha mfalme lakini ndani imefumbwa, watu wa ikulu wakae waiangalie wabishane nani ni nani. Sisi watu wa pwani hili hatuhitaji kufundishwa, fumbo mfumbie mjinga mwerevu huligangua.

Cha kwanza kinachokukamata ni ngozi. Ukisogea mpaka pale kwenye kamba utafute alama ya brashi huipati, ngozi ya Venus imelainishwa kama kikombe cha kaure, nyeupe, baridi, nyuma yake kuna kitambaa cha buluu kali ambayo asili yake ni jiwe la lapis kutoka milima ya Afghanistan, rangi iliyokuwa ya bei mbaya enzi zile. Na mwili umepindwa. Miguu inaelekea huku, kiuno huku, kichwa kimegeuka kule, shingo ndefu kuliko shingo ya mtu. Ukijaribu kukaa vile nyumbani dakika mbili huwezi. Hiyo ndo staili wanayoita Manerisimu, wachoraji waliofuata baada ya mchoraji mkubwa Raphael kufariki 1520, walivuta viungo, wakapinda miili, wakapoza rangi, na matajiri wao walipenda kitu kigumu kinachohitaji akili. Kwa hiyo inakuvuta ila haikupi joto. Nilikaa nayo muda mrefu kabla sijaelewa kwamba ule ubaridi wenyewe ndo sehemu ya fumbo.

Maana angalia wanachofanya. Venus ni mama yake Cupid, na lile busu siyo la mama na mwana, unajisikia vibaya kuliangalia na mchoraji amekusudia ujisikie hivyo. Halafu fuata mikono. Venus mkono wa kushoto ameshika tunda la dhahabu, lile aliloshinda kwenye shindano la uzuri la miungu wa kike, na mkono wa kulia ameinua mshale, mshale wa Cupid, kamnyang'anya wakati wanabusiana. Na Cupid mkono mmoja uko kichwani kwa mama, pale kwenye taji la lulu, wengi wanasema analivua. Shangazi aliliona hilo kabla sijamsomea chochote, "Hawa wanaibiana." Mimi nilipita ile picha mara mbili kabla ya siku hiyo sikuona wizi wowote, macho yalikuwa yameshikwa kwingine.

Kulia kuna mtoto anacheka, ameshika maua ya waridi mikono miwili anataka kuwamwagia, mguuni amevaa njuga. Wanamwita Mchezo, wengine wanamwita Upumbavu. Mwangalie mguu wa kulia, kakanyaga mwiba, umemwingia kabisa, na yeye anacheka tu. Sasa mimi ni nesi, na hapo ndo moyo wangu ulishtuka, kwa sababu kazini mtu akija na kidonda cha mguu halafu hasikii maumivu sisi hatucheki, huyo ndo tunamkimbilia kwanza, mguu usiosikia ndo mguu unaopotea. Miaka karibu 500 iliyopita mtu amechora hicho kitu, raha inayokufanya usisikie kwamba umeshaumia, amekichora kwa mwiba mmoja mdogo ambao kwenye posta yangu haupo.

Na nyuma ya huyo mtoto sasa. Kuna binti, sura tamu, nywele zimesukwa vizuri, anakupa sega la asali. Ukishuka chini ya uso unaona mwili wa nyoka, magamba, miguu ya simba yenye kucha, na mkia wenye mwiba wa sumu kaushika mkono wa pili kaurudisha nyuma. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, nikamwambia shangazi, akaitikia ehee, lakini hakuondoka pale, alikuwa anaangalia kitu kingine, amekunja uso. Akanishika mkono. "We, huyu mbona anatoa kwa kushoto?"

Nikamwambia hapana shangazi, ule ni mkono wa kulia anaotolea asali, angalia bega. Akasema, "Bega la kulia, kiganja cha kushoto, hesabu vidole." Nikahesabu. Nikaweka na mkono wangu hewani nikauzungusha, watu wananiangalia, na ni kweli, kidole gumba kiko upande usio wake. Mkono wa kulia una kiganja cha kushoto, na wa kushoto una kiganja cha kulia. Baadaye nikaja kusoma kwamba msomi mmoja mkubwa wa sanaa, Erwin Panofsky, aliliandika hilo mwaka 1939, kwamba ule mkono unaoonekana mwema ndo wenyewe mbaya na unaoonekana mbaya ndo mwema, hadaa juu ya hadaa. Shangazi yangu hajamsoma Panofsky. Amekua sehemu ambayo mtoto akikupa maji kwa mkono wa kushoto anapigwa kofi la mkono arudie, jicho lake lilienda lenyewe. Nimeishi huku mwaka wa sita, nafikiri mimi jicho hilo nimeshalipoteza, napokea vitu kwa mkono wowote, na iliniuma kidogo kugundua pale.

Kushoto kuna yule anayepiga kelele, anajivuta nywele kwa mikono yote, rangi imemtoka, mdomo wazi. Wivu, ndo jina la zamani. Shangazi alitosheka na wivu, akasema kila nyumba ina mmoja. Mimi niliangalia kikazi, vidole vimevimba, macho mekundu, meno mengine hayapo, na kuna wasomi na madaktari wanaosema huyo siyo Wivu, ni kaswende. Haijakaa vibaya hiyo hoja. Kaswende ililipuka Ulaya 1495 jeshi la Ufaransa lilipokuwa Naples, Italia, Waitaliano wakaiita ugonjwa wa Wafaransa, Wafaransa wakaiita ugonjwa wa Naples, na dawa ya uhakika ya kuiponya haikuwepo mpaka penisilini karne ya 20. Fikiria sasa picha imetoka Italia kwenda kwa mfalme wa Ufaransa na pembeni ya Venus mtu anaoza. Kama ni Wivu sawa, kama ni ugonjwa sawa, mimi nimeegemea ugonjwa kwa sababu wivu haung'oi meno.

Juu kulia ni mzee mwenye mabawa na kipara, mgongoni kabeba saa ya mchanga, huyo ni Wakati, mkono wake ulivyonyooshwa na misuli unapita juu ya kila mtu umeshika lile pazia la buluu. Kona ya pili kuna uso kama kinyago, kichwa hakina nyuma, ni mbele tu, wengi wanamwita Kusahau, kichwa kisicho na pa kuweka kumbukumbu. Wengine wanasema wanasaidiana kulifunua pazia. Mimi naona wanavutana, mmoja anafunua mwingine anataka kufunika, angalia sura ya mzee ilivyokaza. Wa chini hata mmoja hajanyanyua macho.

Kuhusu uchi wenyewe kuna kisa lazima nikitaje. Gallery waliinunua hii picha mwaka 1860, na enzi hizo za Malkia Victoria ilikuwa imepakwa rangi juu ya sehemu walizoona zinatia aibu, ulimi wa Venus umefichwa, chuchu imefichwa, kitambaa na majani vimeongezwa huku chini. Ikakaa hivyo mpaka ilipokuja kusafishwa 1958. Kwa hiyo karibu miaka mia moja watu waliangalia picha iliyovalishwa. Naelewa kwa nini walifanya, sisi wenyewe tuna stara na sioni stara kuwa ujinga, lakini hapa kile kinachokuvuta ndo chambo, ukificha chambo ndoano inabaki haina kazi, na duka langu la posta limefanya kosa hilo hilo kwa upande wa pili, limeacha chambo limetupa ndoano.

Tulikaa pale kama dakika arobaini. Ukienda usiende na haraka, na usianze na simu. Anza mbali uone buluu na nyeupe, halafu sogea upande wa kulia chini kwenye ule mguu wenye mwiba, panda kwenye asali, hesabu vidole, ndo uende kwingine. Picha ya simu inaruhusiwa bila flashi, nikapiga nzima na nyingine za karibu, nikamtumia shangazi kwenye WhatsApp.

Juzi kanipigia kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na habari za watoto akaniambia ana mwali, harusi wiki ijayo, na siku ya singo kamwonyesha ile picha. Nikaruka, shangazi ile yote umemwonyesha? Akasema, "Kwani mie mwendawazimu? Nimemkata yule bibi na mwanawe nikawatoa, nimemwachia yule wa asali peke yake." Akanyamaza kidogo akachukua maji, akaendelea, "Kaangalia, kaangalia, akaniuliza, somo, mbona anatoa kwa kushoto?"