Mtego wa kizimba kutoka Ngamiani: kazi yake nzuri, karatasi yake inapotosha

Mtego huu wa waya niliununua kwa shilingi 12,000 katika duka moja la pembejeo Ngamiani, Tanga, baada ya panya kutoboa magunia matatu ya mahindi katika stoo yetu ya Pongwe. Kwa kunasa sina la kulalamika, kwani kwa chambo cha karanga zilizotwangwa pamoja na dagaa ulinasa panya mmoja kila usiku kwa siku nne mfululizo. Bawaba ya mlango ilianza kushika kutu wiki ya tatu, jambo ambalo kwa hewa yetu ya pwani nimelisamehe.

Nisichokisamehe ni karatasi iliyobandikwa juu yake, inayodai kwamba mtego unamkinga mnunuzi dhidi ya homa ya Lassa, ugonjwa wa virusi unaoweza kuua, eti inayoenezwa na panya wa Tanzania. Panya wa kwanza, aliyekwisha kuzamishwa kwenye ndoo, nilimgeuza nikiwa na glovu, nikaona safu mbili za chuchu kutoka kifuani hadi kinenani. Huyo ni panya shamba, yaani Mastomys natalensis, na ni kweli kwamba Afrika Magharibi ndiye mbebaji mkuu wa kirusi cha Lassa. Bila shaka aliyeandika karatasi aliona panya ni yuleyule, akadhani na kirusi ni kilekile.

Sivyo. Kirusi cha Lassa, kilichotambuliwa Nigeria mwaka 1969, hubeba vinasaba vyake katika vipande viwili vya RNA, ambavyo hunakiliwa bila makosa kusahihishwa, kwa hiyo kila eneo hujilimbikizia mabadiliko yake, kama lahaja za Kiswahili za Kimtang'ata na Kimvita zilivyoachana ilhali mzizi ni mmoja. Koo za kirusi hicho zilizoko Nigeria ndizo kongwe na zenye tofauti nyingi. Ule wa Sierra Leone, Guinea na Liberia unakadiriwa kuwa ulitoka huko kuelekea magharibi miaka 400 hivi iliyopita. Panya shamba wa Tanzania wamekutwa na jamaa wa mbali wa kirusi hicho, kile cha Morogoro, kilichoelezwa mwaka 2009, na cha Gairo, mwaka 2015, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachojulikana kuleta ugonjwa kwa binadamu. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba kati ya Morogoro na Dodoma, mahali ambapo koo mbili za panya shamba hukutana na hata kuzaana, kila kirusi kimebaki na ukoo wake wa panya, hakivuki kwenda kwa jirani.

Kama karatasi ingetaja tauni, ambayo iliwasumbua watu wa Lushoto kuanzia mwaka 1980, nisingekuwa na neno. Hata hivyo ingepaswa kueleza kwamba viroboto humhama panya akishakufa, na kwamba kizimba husafishwa kwa dawa ya klorini kabla ya kutegwa tena. Juu ya hayo haisemi lolote.

Nilimweleza muuzaji, akacheka. "Mwalimu, tauni watu wameizoea," alisema, "Lassa ndiyo inayouza." Kisha akanipunguzia shilingi 1,000 kwenye mtego wa pili, ambao sasa uko jikoni, karatasi nikiwa nimeibandua palepale dukani.