Maiki ya matangazo kwa jengo kubwa: ya netiweki au analogi?

Kwa jengo dogo lenye zoni moja au mbili (zoni ni eneo linaloweza kutangaziwa peke yake) chukua tu analogi, fundi yeyote anaielewa na swichi ya netiweki (kifaa kinachounganisha kebo za netiweki) ikizimika, hiyo analogi haijali. Ila jengo likiwa kubwa mi nasimama na ya netiweki, kebo moja inabeba umeme na sauti, unabonyeza kitufe cha ghorofa ya tatu na wa ghorofa ya tatu tu ndo wanasikia, ukitaka kupanga zoni upya unaenda kwenye programu hugusi waya. Kebo ya shaba lakini mwisho mita 100, zaidi ya hapo faiba (kebo ya nyuzi za kioo). Halafu maiki za netiweki za dharura zinajikagua muda wote, mawasiliano yakikatika alamu inalia, wakati analogi ya kawaida waya unakatika kimyakimya mpaka siku ya moto mtu anabonyeza, hakuna sauti.