Taa za bustani: waya wa volti 12 au sola?

Taa za sola zina mvuto wake: unachomeka kijiti ardhini, basi. Hakuna kuchimba wala kutandaza waya. Kwa njia fupi inayopigwa na jua kutwa, sina ubishi nazo. Lakini iweke moja chini ya mti wenye kivuli uone: saa moja usiku inawaka vizuri, saa nne imefifia kama kaa la mwisho jikoni. Kibetri chake kidogo, mara nyingi cha volti 1.2, hakikushiba mchana.

Taa za volti 12 zinataka kazi zaidi. Transfoma hushusha umeme wa nyumbani, volti 230 au 120, hadi 12, kisha waya huzipitia taa zote. Hapo ndipo wengi hukosea. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti hupotea njiani, na taa ya mwisho huwaka kinyonge. Nunua waya mnene, au gawa taa katika njia mbili zinazoanzia kwenye transfoma. Jumla ya wati za taa zote isizidi asilimia 80 ya uwezo wa transfoma. Na maungio, tafadhali, usiyafunge kwa selotepu tu. Tumia viungio vyenye grisi, maana unyevu huila shaba hadi ikageuka kijani.

Kwenye ngazi na mlangoni, mahali ambapo mzee anaweza kujikwaa, mimi huchagua waya kila mara. Sola nitaiachia maua ya pembeni.